Mgeni Ndani ya Koti Langu

Siku hizi nikitaka kusema neno lazima kwanza niweke kidole shingoni, nizibe tundu la mrija, ndipo sauti ipate njia ya kupandia. Nikisahau kidole, midomo inacheza bure kama ya mbuzi anayecheua. Ndiyo maana naandika. Nikiandika kidole kinapumzika, na hakuna wa kuniambia, "Eeh? Hebu rudia."

Namwandikia yule ambaye juzi au jana ameambiwa kwamba yeye, au mtu wake, atatobolewa shingo ili apumue. Mambo ya kidaktari sitayagusa. Niliishia kidato cha nne na Biolojia tuliachana kwa amani. Nitakusimulia tu yaliyonipata, hasa lile ambalo daktari hawezi kukuonya, kwa kuwa halipo kwenye vitabu vyake.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Sijisifu, huo ndio ugonjwa wangu wa kwanza. Hapa Mhezi wananiita Figa, kwa sababu jiwe la jikoni halitoki jikoni. Wenzangu walishuka mlimani wakaenda Arusha, Tanga, Dar, wengine mpaka wakasahau kurudi. Safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa Same mjini, na hata huko nikishafika nilikuwa situlii mpaka nielekeze uso mlimani tena. Kaka yangu Mbonea ndiye aliyehamia huko Same. Mimi nikabaki na migomba, maharage, mbuzi wawili, mke wangu Nakundwa, na mama.

Mama alikuwa haoni. Presha ya macho ilimfungia pazia kidogo kidogo, na huu ulikuwa mwaka wa nane. Kila asubuhi nikipita mlangoni kwake kwenda kuwafungua mbuzi, nilisema, "Shikamoo mama."

"Marahaba Figa. Leo unasafiri kwenda wapi?"

"Bandani."

"Mh, mbali huko! Nenda salama, ukifika uandike barua."

Hivyo kila siku ya Mungu, miaka minane. Utani wa watu wawili. Haukuchekesha tena, lakini siku isiyo na utani huo ilikuwa kama chai isiyo na sukari.

Sauti ilianza kukwaruza wakati wa mvua za vuli. Mafua, tukasema. Nikanywa tangawizi, nikanywa asali, nikalamba ndimu na chumvi mpaka meno yakafa ganzi. Kwenye kwaya mwalimu alinihamisha kutoka besi akaniweka mstari wa nyuma, akaniambia nifumbue tu mdomo. Mwaka mpya ulipoingia, nikipanda kilima pumzi yangu ilikuwa inapiga mluzi. Nakundwa akasema twende hospitali. Nikasema nikimaliza palizi. Palizi ikaisha, nikasema nikimaliza kujenga banda.

Aliyesikia wa kwanza kwamba hali ni mbaya ni yule asiyeona.

"Figa, nani anapiga filimbi?"

"Upepo, mama."

"Upepo siku hizi unavaa viatu vyako?"

Tangu siku hiyo nikawa namsalimia kwa mbali, nikiwa nimebana pumzi, halafu napita haraka. Mtu mzima, nina mvi, nakimbia masikio ya mama yangu.

Siku ya msaragambo ndiyo ilinitoa nyumbani. Msaragambo kwetu ni kazi ya kijiji kizima, asiyetokea anasemwa mpaka kwenye msiba wake. Siku hiyo tulikuwa tunatengeneza barabara iliyokatwa na mvua. Nikabeba jiwe la kwanza, la pili. La tatu sikulimaliza. Nilisimama nikivuta hewa na hewa haiji, shimo la chini ya koo likibonyea ndani kila nikivuta. Wakacheka kwanza.

"Figa leo anatutegea kisomi!"

"Mwacheni, anakumbuka jiko lake!"

Halafu mmoja akaona midomo yangu imekuwa rangi ya zambarau, kicheko kikakatika. Walinipakia kwenye pikapu ya kabichi iliyokuwa inashuka Same, nimevaa mabuti ya shamba, na koti langu nimeliacha nyumbani msumarini. Nilimwambia Nakundwa, kwa ile pumzi ya sindano niliyobaki nayo, "Jioni narudi." Mama alikuwa ndani anaota moto, hatua kama hamsini kutoka pale. Sikumuaga. Nitamwagaje mtu na jioni narudi?

Same walinitazama dakika chache tu, wakaniweka kwenye gari la wagonjwa kwenda Moshi. Mbonea akapanda pamoja nami. Nilikaa wima njia nzima, kwa sababu nikiegama tu mlango wa pumzi unafungwa.

Daktari alikuwa dada mdogo, ningeweza kumzaa. Alipitisha kamera nyembamba puani, akatazama, akaitoa polepole. "Baba, una vinyama kwenye kisanduku cha sauti. Njia imebaki kama mrija wa soda. Tunakutoboa shingo, chini ya hapo palipoziba, upumulie huko. Leo hii."

Nikamuuliza kama haiwezekani Jumatatu, maana mbuzi nimewafunga kamba fupi.

"Mbuzi watasubiri," akasema. "Pumzi haisubiri."

Hawakunilaza usingizi. Walichoma sindano ya ganzi shingoni, nesi akanishika mikono yote miwili. Sitakudanganya, kuna mahali katikati nilijua nakufa, na nilichofikiria si mbinguni. Nilifikiria kwamba nakufa nimevaa mabuti. Halafu kukawa na mlio kama wa kufungua kopo, na hewa ikaingia. Baridi, nyingi, bila kupitia puani wala mdomoni, imeniruka kabisa. Nikalia. Ndipo nikagundua kwamba nalia bila sauti. Kifua kinatikisika, machozi yanashuka, na chumba kimya kama kanisa siku ya Jumatatu.

Nesi akanipa daftari na kalamu. Neno la kwanza niliandika: *Mama*. La pili: *Mbuzi*.

Wodini nilipata bahati moja. Kitanda cha jirani alikuwepo mzee mmoja Mchaga, naye ana mrija wake wa siku nyingi, na Wachaga ni watani zetu. Aliposikia natokea wapi, aliweka kidole shingoni akanguruma, "Aisee! Mpare! Mmebana hela, mmebana maji ya mfereji, sasa mmebana mpaka pumzi!" Nilicheka. Ukiwa na mrija mpya kicheko hakitokei mdomoni, kinatokea shingoni pamoja na kila kilichokuwemo, na kilitua kwenye shuka aliyoitandika nesi. Sote wawili tulikaripiwa. Ndiye aliyenifundisha kusafisha mrija wa ndani bila kuogopa, kufunika tundu kwa kitambaa vumbi lisiingie, na kulala bila kuwaza kwamba nitaziba. Jambo la mwisho bado najifunza.

Sasa nyumbani.

Mbonea alimpigia simu Nakundwa jioni ileile. "Mama asiambiwe. Presha itampanda. Mwambie Figa amekwenda Dar, nimempatia kazi ya ujenzi." Alisema kwa wema. Nilikuwa nimelala pembeni yake nasikia, nikatikisa kichwa kukubali. Andika hilo: nilikubali.

Nakundwa anasema mama alipoambiwa alicheka mpaka akakohoa. "Figa? Dar? Si bora mngeniambia amekwenda mbinguni, huko ningeamini kidogo." Halafu akasema, "Basi mpigieni simu nimsikie."

Sauti sina. Wakamwambia kule aliko mtandao hakuna.

Keshoye majirani wakaanza kuja. Wote walikuwa kwenye msaragambo, waliniona ninavyopakiwa, na wote walishaonywa wasiseme. Wakaja na unga, na sukari, na kuni, wakakaa uani wakimpa pole mke wangu kwa kunong'ona. Akitokea mama mlangoni, mazungumzo yanakatika. Wewe huoni, mwanao ambaye hajawahi kulala nje ya nyumba ametoweka ghafla, simu yake haishikiki, uani kuna watu wanaongea chini chini na mke wa mwanao anapewa pole. Ungesema nini? Na kwetu ndivyo habari ya kifo inavyofikishwa. Hatusemi amekufa, tunasema anaumwa kidogo, tunasema amesafiri, njoo tu. Mama alikuwa ameshawafichia watu wengi vifo vya watu wao. Anaijua kazi hiyo.

Usiku wa tatu alishusha godoro akalala chini. Nakundwa akadhani mgongo unamsumbua. Mwisho wa wiki akaomba anyolewe nywele.

"Mama, za nini na baridi hii?"

"Zinaniwasha."

Ndipo mke wangu alipoelewa. Mama anakaa matanga yangu, peke yake, kimya kimya, ili asituaibishe sisi tuliokuwa tunamdanganya.

Nakundwa alishuka Same kunieleza. Wakati huo nilikuwa nimeruhusiwa, nakaa kwa Mbonea nikisubiri kurudi Moshi kuondolewa vile vinyama mara ya pili, maana mara ya kwanza havikuisha. Upepo wa Same unajulikana, na mimi nilikuwa mtu wa dirisha kufungwa na kitambaa kulowekwa. "Panda nyumbani," akasema. "Hata bila sauti. Akushike tu."

Mbonea akasema, "Atamtisha. Ana tundu shingoni! Wiki moja tu, sauti irudi, amsalimie mwenyewe."

Wote wakanitazama. Nilikuwa na daftari mapajani. Niliandika: *Wiki moja.*

Kaka simlaumu. Yeye alitunga, mimi nikapiga muhuri. Niliona aibu ya shingo yangu. Nilitaka nirudi mzima, nisimame mlangoni, niseme shikamoo kama jana. Wiki ikawa mwezi. Vinyama viliota tena, vikakatwa tena. Masika yakanyesha yakaisha, maharage yakavunwa bila mimi, na mrija ukabaki pale pale. Kufikia ule ukungu wa Julai, nilikuwa nimekonda hata saa ya mkononi ikawa inapanda mpaka kiwiko, na nikiziba tundu kwa kidole natoa sauti fulani, nzito, yenye mchanga, kama ya mlango wa ghala.

Nikapanda nyumbani na sauti hiyo.

Mama alikuwa ameketi penye moto. Nilisimama mlangoni. Nikaweka kidole. "Shikamoo mama."

Akageuza kichwa. "Marahaba. Wewe wa nani, baba?"

Nikavuta pumzi, nikaziba tena. "Naenda bandani, mama."

Aliupapasa ukuni, akausukuma motoni. Halafu akaongea, siyo na mimi. "Nakundwa. Maneno hayo yalikuwa yetu wawili, mimi na mwanangu. Kwa nini umempa mtu mwingine?"

Mke wangu alitoka nje. Nilimsikia analia nyuma ya jiko, kwa sauti, na nikamwonea wivu.

Tulimweleza kila kitu. Mbonea alipanda akapiga magoti. "Mama, tulikudanganya. Huyu ndiye Figa."

"Mlinidanganya Dar," akasema, "na sasa mmeona nimenyamaza mnanionea huruma, mmeniletea wa kunifuta machozi. Asanteni, lakini msinifanye mtoto."

Tukamleta mchungaji. Akashuhudia kwa Mungu wake. Alipoondoka mama akasema, "Maskini, naye wamemwomba."

"Mama, mchungaji hawezi kusema uongo!"

"Uongo hawezi. Huruma je?"

Akaomba anishike. Vidole vyake vikapita usoni pangu, kwenye mifupa, maana mashavu niliyaacha Moshi. Vikashika viganja vyangu vilivyolainika kwa kukaa kitandani miezi mitano. Vikashuka shingoni, vikagusa mrija, akarudisha mkono kama aliyegusa chungu cha moto. "Pole, baba," akaniambia, na pole yenyewe ilikuwa ya kweli. "Mwanangu hakuwa na kitu hiki."

Niliandika habari za utotoni, Nakundwa akamsomea: nilivyojificha kwenye kihenge cha mahindi siku ya kwanza ya shule, kutwa nzima. "Hiyo Figa alimsimulia kila mtu," akasema. "Alikuwa anaona ni sifa."

Lililofuata lilikuwa baya kuliko yote. Siku ya tatu alimwita mke wangu, akidhani sipo. "Nakundwa, mimi si mjinga. Mwaka haujaisha umeshaweka mwanamume ndani? Kwenye kitanda cha mwanangu?"

Nilikuwa nimesimama pale pale. Ndani ya nyumba yangu nikawa hawara wa mke wangu. Siku nyingine ningecheka wiki nzima. Nakundwa alihamia kulala chumbani kwa mama, mimi nikalala na daftari langu, na hatukutazamana vizuri mpaka mvua zilipoanza. Ugonjwa unakula mgonjwa, lakini haushibi hapo.

Wa kwanza kulegea akawa mama mwenyewe. Nilikuwa namletea makande, nampozea, namshikisha kijiko. Namkokea moto. Nikikohoa, shingo ikifoka, anangoja nimalize, halafu anasema pole. Asubuhi moja ya baridi kali akasema, "Mgeni, unatetemeka. Nasikia mrija wako unagonga. Hapo msumarini kuna koti la mwanangu. Vaa. Baridi ya huku itakuua na kwenu watatulaumu."

Nikavaa koti langu.

"Njoo nione." Akapapasa mabega, akakamata kitambaa kilicholegea kwapani, kiganja kizima. Akatabasamu kwa huzuni. "Umeona? Yeye lilikuwa linambana."

Kuanzia siku ile nikawa rasmi mgeni. Akanihurumia, akamsamehe Nakundwa. "Ana moyo mzuri huyu bwana wako," nilimsikia akimwambia. "Mwache akae." Na jioni, tukiota moto, akawa ananisimulia habari za mwanawe. Nilijifunza mengi juu yangu. Kwamba nilikuwa mvivu wa safari na mbishi, na naimba vibaya, kwaya walinivumilia tu. Kwamba alipopoteza macho hakuogopa sana, maana alijua kila asubuhi kuna mtu atapita mlangoni. Hilo hakuwahi kuniambia nilipokuwa mwanawe.

Mara moja tu, mwezi wa Oktoba, nilipita mlangoni alfajiri bila kusema kitu, na sauti yake ikatoka ndani, ya usingizini: "Figa, mbuzi mmoja hajala." Nikasimama. Nikaweka kidole. Nikaogopa hata kuitika. Alikuwa anakoroma. Ninayo hiyo mpaka leo, nimeitunza.

Nimonia ilimpata vuli ilipoingia. Daktari wa zahanati alisema ashushwe Same, akakataa katakata, tabia ya nyumbani tuliyorithiana. Jioni moja akanishika mkono wa koti.

"Mgeni. Wewe huna sababu ya kunidanganya, si mtoto wangu. Mwanangu walimzika wapi?"

Nakundwa alikuwa mlangoni ameshika bakuli la uji. Alitikisa kichwa, polepole, machozi yanamtoka: mwambie wewe ndiye. Mwambie tena. Nilikuwa nimeshamwambia mara mia moja, na kila mara niliona jinsi inavyomchosha, jinsi anavyolazimika kumfukia tena mwanawe upya.

Nikaweka kidole.

"Upande wa migomba," nikasema. "Chini ya mparachichi."

Akashusha pumzi. "Pazuri. Hapana upepo pale. Mniweke karibu naye."

"Ndiyo, mama."

"Nenda salama," akaniambia, na akafumba macho. Nikangoja lile la barua. Halikuja. Lile lilikuwa la Figa. Alfajiri alikuwa ameondoka.

Basi wewe uliyeambiwa utatobolewa, sikiliza. Shimo haliui. Shimo ndilo linalonipa nafasi ya kukuandikia. Pumzi ya mtu wako ikipiga mluzi usimtafutie tangawizi, mpeleke. Na kama bado una kamba moja ya sauti, kabla ya kupanda gari, hata kama jioni unarudi, tembea zile hatua hamsini. Umwambie mzee wako unaenda wapi na kitakachofanyika shingoni. Atapata presha, ndiyo. Presha ina vidonge.

Tulimzika chini ya mparachichi. Juzi Mbonea alipanda kuja kusafisha makaburi, akakuta nafasi iliyobaki pembeni ya mama, upande wa migomba, nimeipalilia peke yake, haina kitu. Akaja na chipukizi la mgomba mkononi.

"Hapa panafaa," akasema. "Pana rutuba."

Nikaziba mrija. "Hapo pana mtu."

Alinitazama, akalitazama koti nililovaa. Akalipandisha chipukizi begani, nami nikaondoa kidole, nikaenda bandani.